Kwa Wanaouliza Habari za Kifua Changu

Tangu nimerudi, kila anayeingia kibandani kwangu pale Majengo anaanza na salamu, halafu macho yake yanashuka kifuani. Wengine wanauliza kwa adabu, "Fundi, unaendeleaje?" Wengine wanachukua suruali zao na kuondoka bila kuzijaribu. Desderi, niliyesoma naye tangu darasa la kwanza, ndiye aliyesema, "Gaudensi, andika. Ukimsimulia mmoja mmoja, kila mtu ataondoka na hadithi yake."

Basi naandika. Sikuwa na TB. Sikuwa na ule ugonjwa mwingine ambao siku hizi watu wanautaja kwa kupunguza sauti. Nilikwenda Nairobi kutolewa mafuta kifuani. Habari za pasi, barua za daktari na foleni za maofisini nimeziacha, maana hazimfurahishi mtu.

Kabla ya kupanda basi

Kifua changu kilianza kujaa nikiwa darasa la sita. Tumbo langu lilikuwa la kawaida, mikono ya kawaida, ila hapo kifuani palivimba pande mbili, laini, na palikataa kurudi. Wavulana walikuwa na jina lao la kuniita, nami neno hilo sikuwahi kulitamka kwa kinywa changu. Tulipocheza mpira, timu moja ikibaki na mashati na nyingine ikivua, mimi nilikubali hata kukaa golini ilimradi niwe upande wa mashati. Nilipojifunza ushonaji nikajitengenezea makoti yenye kanvasi ngumu kwa ndani. Kwa miaka kumi na minne nimevaa koti Songea hii, jua liwake mvua inyeshe, na watu walidhani ni madaha ya ufundi.

Daktari mmoja wa hapa mjini alikuja kushonewa suti. Siku hizo mitumba ilikwisha kutunyang'anya wateja, fundi aliyebaki na mteja wa suti alimshika kwa mikono miwili. Alipokuja kuijaribu mara ya pili, nilimwomba afunge mlango, nikavua koti. Alinitazama, akanibonyeza kama anavyobonyezwa mgonjwa yeyote, akasema, "Haya ni mafuta, na chini yake kuna tezi kidogo. Hayaui. Unaweza kuishi nayo mpaka uzeeni. Lakini kama yanakunyima raha, Nairobi wapo wanaoyaondoa."

Yalininyima raha, tena mwaka huo kuliko miaka yote, kwa sababu ya Winfrida. Winfrida ni mwalimu wa shule ya msingi, tunaimba naye kwaya. Tulikuwa tumekwisha kupeleka barua kwao Mjimwema, na baba yake, Mzee Alanus, alikuwa ameijibu vizuri. Ndoa ilikuwa ifungwe mwezi wa kumi. Kila nilipofikiria siku ambayo ningevua shati mbele yake nilishindwa hata kutunga uzi kwenye sindano. Nikauza kiwanja changu cha Lizaboni. Winfrida nikamwambia ninakwenda Nairobi kutafuta vitambaa.

Mtu mmoja tu nilimweleza ukweli, dada yangu Editha, anayeuza dagaa wa Nyasa sokoni. Editha ni mama wa mwili mkubwa na sauti inayoendana na mwili. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Watu wanatafuta siagi wanenepe, wewe unakwenda kulipa wakupunguze. Tena siku hizi! Mtu akikonda shingo tu, jirani wanaanza kumhesabia siku. Haya. Lakini hupasuliwi peke yako katika nchi ya watu. Nakwenda na wewe."

Songea hadi Ilula

Tuliondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, mwezi wa sita, baridi ikiwa imekaza. Editha alikuwa na kikapu cha kuku wa kukaanga na viazi vitamu, pamoja na mfuko wa dagaa ambao baada ya nusu saa kila abiria alijua umo ndani ya basi.

Kiti changu kilikuwa cha dirishani. Akapanda bwana mmoja mpana, akasema hicho ni chake, na mimi kwa kawaida yangu nikaanza kuinuka. Editha akanikalisha.

"Kaka, mwache hapo," alimwambia yule bwana, na basi zima likasikia. "Mdogo wangu ana matatizo ya kifua. Tunampeleka kutibiwa."

Alisema kwa nia njema. Asingeweza kutaja jambo lenyewe mbele ya watu, na kusema uongo mtupu hakutaka, akachukua neno lililokuwa karibu. Lakini mnajua neno hilo linavyosikika. Yule bwana aliondoka kwenda kutafuta kiti cha nyuma kabisa. Mama aliyekaa mbele yetu alimhamisha mtoto bega. Kondakta, kijana wa Bombambili ambaye suruali aliyovaa nilimshonea mimi, alinitazama kama anayetazama jeneza.

"Pole sana, fundi," akasema. Halafu akawageukia abiria: "Fungueni madirisha, jamani, hewa ipite."

Wakafungua. Kutoka Madaba mpaka Makambako, kupita Njombe yote na ule umande wake, abiria sitini waliganda kwa ajili ya kifua changu. Niliona aibu kubwa, lakini sikusema kitu. Kusahihisha kungetaka maelezo, na maelezo ndiyo niliyokuwa nayakimbia.

Upande wa pili wa njia alikaa mzee wa Tunduru, mfanyabiashara wa korosho, aliyejitambulisha kwa jina la Hemedi. Nilimwamkia shikamoo. Akaitikia, akafungua mkoba wake, akatoa chupa ndogo ya asali iliyochanganywa na pilipili manga.

"Lamba, kijana. Kifua si cha kuchezea. Marehemu mke wangu alianza hivihivi, tukadharau."

Nililamba. Pilipili ikanikwama kooni, nikakohoa. Nilikohoa kuanzia kilima mpaka bondeni, machozi yakanitoka, na shingo zote ndani ya basi zikageuka. Kuanzia hapo hakubaki aliyekuwa na shaka na ugonjwa wangu.

Tulifika Ilula saa nane mchana. Dereva akasimamisha basi, akashuka, akaingia chini, akatoka na mikono imejaa mafuta. "Kitonga sishuki na breki hizi," akasema. Walioujua mlima ule hawakubishana naye. Kifaa kilitakiwa kitoke Iringa, na mabasi hayakuruhusiwa kutembea usiku, kwa hiyo tulilala hapohapo. Kondakta alipewa lifti ya lori kurudi Iringa kumpigia simu tajiri wake, na tajiri akamwita arudi Songea. Hakuonekana tena. Alitangulia kurudi nyumbani akiwa na habari za breki na habari zangu.

Chakula cha jioni tulikula kwa mama mmoja pembeni ya barabara, pale wanapopanga matenga ya nyanya. Alikuwa amechinja kuku tayari, na Bwana Hemedi akasema yeye atakula ugali na nyanya, asisumbuke mtu. Editha hakukubali. Akamnunua kuku mwingine, mzima, akamletea miguuni.

"Mchinje wewe mwenyewe, mzee. Sisi tutakula chako, wewe hutaweza kula chetu. Ndiyo hesabu rahisi."

Mzee akacheka, akachinja, tukala sahani moja. Lakini maji yalipoletwa, mama mwenye chakula alikuwa amesikia. Wengine wote waliwekewa bilauri za kioo kwenye sinia. Mimi nilipewa kopo la bati, likawekwa peke yake, mbali kidogo. Watu wa basi letu wakawa wanatazama sahani zao.

Bwana Hemedi alinyosha mkono, akachukua kopo langu, akanywa. Akanywa tena, polepole, kila mtu amwone. Kisha akanirudishia. "Maji ya huku matamu," akasema.

Katika yote niliyoyafanya safari hiyo, hilo ndilo ninalojutia zaidi. Mzee yule aliamini kwamba anakunywa ugonjwa, na akanywa ili nisitengwe. Neno moja tu lingemtosha. Nililipokea kopo, nikanywa na mimi, nikasema, "Ahsante, mzee."

Ilula hadi Dar es Salaam

Kifaa kilifika saa tatu asubuhi. Kitonga tulishuka basi zima kimya, isipokuwa Editha aliyekuwa anasali rozari kwa sauti, na Bwana Hemedi aliyekuwa na dua yake upande wa pili, wote wawili wakiongeza kasi kwenye kona. Ruaha Mbuyuni tulinunua vitunguu bila sababu, kwa furaha ya kufika chini.

Dar es Salaam tuliingia jioni. Joto la kule, nami na koti langu la kanvasi! Shati lilikuwa limelowa mpaka mfukoni. Bwana Hemedi alituaga stendi. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mungu akuponye. Na dawa usiache katikati, hata ukijisikia nafuu."

Sikumwona tena. Kama kuna mtu wa Tunduru anayesoma haya na anamfahamu mzee wa korosho wa jina hilo, mpole, mwenye ndevu nyeupe zilizokatwa fupi, naomba amwambie kwamba maji aliyokunywa Ilula yalikuwa salama.

Dar es Salaam hadi Nairobi

Siku iliyofuata tulipanda basi la Nairobi. Njia ya kaskazini ni nyingine kabisa. Mkonge mpaka macho yachoke, halafu milima, halafu Moshi na migomba yake. Editha aliutafuta Mlima Kilimanjaro kila upande, akaambiwa umo ndani ya mawingu. "Basi," akasema, "na wenyewe wangetuambia kabla."

Baada ya mpaka wa Namanga tuligundua kwamba Kiswahili tulichokuja nacho kilikuwa na matatizo madogomadogo. Tuliposimama kunywa chai, msichana wa hotelini alinisogelea akasema, "Sasa?"

Nikamngoja amalize. Sasa nini? Na yeye akawa ananingoja mimi. Tukatazamana mpaka abiria mmoja akanieleza kwamba nimesalimiwa. Editha naye alisema, "Samahani, dada, naomba unisaidie chai, kama hutojali," na meza nzima ya jirani ikageuka kumtazama, mmoja akasema, "Hao ni wa Tanzania." Tangu hapo alizidisha adabu makusudi.

Nairobi

Tulifikia Ngara, nyumba ya mama mmoja mjane aliyekuwa akipangisha vyumba, Mama Wairimu. Usiku wa kwanza alituletea bakuli la mahindi na maharage.

"Hiyo ni githeri," alisema. "Sijui kama mtaiweza."

Editha alitazama ndani ya bakuli. "Mama, haya ni makande. Nimeyala tangu sijaota meno." Wakawa marafiki hapohapo. Kesho yake Editha alimpikia dagaa wa Nyasa kwa nyanya, na kuanzia siku hiyo mimi niliyekuwa mgonjwa nilisahauliwa, wakawa wanapishana jikoni wenyewe.

Hospitali ilikuwa ndogo, ya watu binafsi, sakafu inang'aa. Muuguzi alitutazama sote wawili, mimi na koti langu, Editha na mwili wake, akafanya uamuzi.

"Mama, kuja huku tukupime uzito."

Editha alidhani ni huduma ya wote. Akapanda mizani kwa furaha, akashuka, akapimwa presha, akapewa gauni la kijani.

"Vua nguo zote uvae hii."

"Nivue kwa nini?"

"Si ni wewe unatolewa mafuta?"

"Mafuta yangu mimi?" Sauti ilifika barabarani. "Haya nimeyapata kwa jasho langu, miaka ishirini sokoni! Mtu asiyaguse!"

Muuguzi akageuka kunitazama mimi. Alikuwa mtu mzuri, akaona haya kwa niaba yangu, akaninyoshea lile gauni bila neno. Nadhani ndiyo mara ya kwanza kucheka kuhusu jambo lenyewe.

Daktari alikuwa bwana wa makamo, mchache wa maneno. Alinichora mistari ya kalamu kifuani kama mimi ninavyochora chaki kwenye kitambaa, akanieleza kwamba atatoboa tundu dogo kila upande, aingize mrija mwembamba wa chuma, avute mafuta kwa mashine, kisha akate ile tezi iliyo chini. "Hutakuwa kama mtu wa picha za magazeti," alisema. "Utakuwa kama wanaume wengine." Nikamwambia hicho ndicho nilichofuata.

Jioni ile muuguzi alimpa Editha maelekezo. "Kesho asikule kitu asubuhi. Na mjipange, akitoka hapo atafungwa wiki sita."

Nilimwona dada yangu anakaa chini. "Afungwe? Wiki sita? Kwa kosa gani?" Akaanza kukusanya vitu vyetu. "Gau, vaa tuondoke. Nilijua tu nchi za watu." Ilichukua muda kumweleza kwamba ninafungwa kwa bendeji, si kwa pingu.

Upasuaji wenyewe sina la kusimulia, nilikuwa nimelala. Editha ndiye aliyeonyeshwa chupa. Anasema mafuta yalikuwa ya manjano yenye wekundu, kama samli iliyomwagikiwa mchuzi, na alimwuliza daktari wanayapeleka wapi. Daktari alisema wanayachoma. Editha hajaridhika na jibu hilo mpaka leo.

Nilipoamka nilikuwa nimevalishwa fulana nene ya mpira iliyobana mpaka pumzi ikawa fupi. Siku ya tatu waliifungua kunisafisha, nikajitazama kwenye kioo. Kifua kilikuwa kikubwa kuliko nilivyokuja nacho, kimepiga weusi na zambarau mpaka mbavuni. Nilirudi kitandani nikaugeukia ukuta. Nilifikiri kiwanja cha Lizaboni, nikafikiri Winfrida, nikafikiri namna nitakavyoshona makoti mapana zaidi.

"Ni uvimbe tu," alisema muuguzi. "Utashuka."

Upande wa kulia ulishuka. Wa kushoto ulikataa. Damu ilikuwa imekusanyika ndani, daktari akaitoa kwa sindano, akaitoa tena siku ya pili, akasema hatuondoki mpaka aridhike. Tulipanga kukaa siku kumi, tukakaa siku ishirini na sita. Nilipiga simu posta ya Songea mara mbili niache ujumbe kwa Winfrida, mara zote laini ilikatika kabla sijamaliza jina langu.

Siku ya kuondoka daktari alinisimamisha mbele ya kioo. Kulia palikuwa tambarare. Kushoto palikuwa tambarare pia, ila na kishimo kidogo chini ya chuchu, kama mahali pa kidole kwenye unga. Akaniomba radhi kwa kile kishimo. Mimi nilikuwa nimekwisha kuvaa shati, natazama linavyoning'inia wima, kutoka begani mpaka kiunoni, bila kupinda popote.

Namanga

Koti nilimwachia Mama Wairimu. Nikavaa shati, ndani yake ile fulana ya mpira, maana wiki sita zilikuwa hazijaisha.

Upande wa Tanzania afisa wa forodha alikuwa akipapasa abiria mmojammoja. Wakati ule watu walikuwa wakijifunga vitenge na saa mwilini kukwepa ushuru. Alipofika kwangu mkono wake ukagonga kitu kigumu.

"Una nini humo?"

"Fulana, afande."

"Fulana gani ngumu hivi? Njoo ndani."

Nyuma nilimsikia Editha akieleza dunia nzima kwamba mimi ni mtu wa kanisa. Mlango ukafungwa. Chumbani kulikuwa na meza, viti viwili, na yule afisa, mtu wa rika langu.

"Vua."

Nikavua shati, nikafungua fulana. Akaona makovu na ile rangi ya zambarau iliyobaki. "Umefanywa nini?"

"Nimetibiwa kifua."

Akarudi nyuma hatua mbili mpaka mgongo ukagusa mlango, akafunika pua kwa mkono. "Kifua? TB?"

Akilini nilimwona Bwana Hemedi na lile kopo. Sijui kwa nini ilikuwa pale na si mahali pengine. Nikasema, "Hapana, afande. Nilikuwa na matiti. Kama ya mwanamke. Nimekwenda kuyatoa."

Ndilo neno lenyewe. Miaka yote ile sikuwahi kulisema. Nilisubiri acheke.

Hakucheka. Alishusha mkono, akasogea karibu, akatazama kwa makini, kwanza kulia kisha kushoto.

"Na yanatoka kweli?"

"Yanatoka."

"Yaliuma?"

"Baadaye, siyo wakati ule."

Akaketi ukingoni mwa meza. "Mdogo wangu anayo," akasema. "Yuko Singida. Ana watoto wawili sasa, lakini kuoga na wenzake hajawahi mpaka leo. Sisi nyumbani tulimcheka sana." Akavuta karatasi mezani. "Niambie hospitali inaitwaje."

Nilimwandikia jina na mtaa. Akakunja karatasi ndogondogo, akaitia mfuko wa shati. "Vaa, kaka. Pole na safari," akasema, akanifungulia mlango mwenyewe.

Songea tena

Makambako, basi lilipokuwa linajaza mafuta, mama mmoja wa Majengo alipanda, akaniona, akapiga ishara ya msalaba. "Fundi! Wewe si…" Akakatisha. Editha akambana mpaka akasema yote. Kondakta alikuwa amefika Songea na kusimulia nilivyokohoa. Siku zilivyozidi bila mimi kurudi, habari ikakua. Nilikuwa nimelazwa Muhimbili, nimekonda, wengine walikuwa wamekwisha kuniombea kama marehemu. Na kwao Winfrida, yule mama alisema, wanafikiria kurudisha barua.

Editha hakula tena mpaka Songea. "Ni mdomo wangu," akarudia kila baada ya kilima. Nikamwambia mdomo ulikuwa wake, lakini aliyenyamaza nilikuwa mimi.

Tulikwenda Mjimwema kesho yake. Kwa desturi ningetanguliza mshenga, lakini jambo hili halikuwa la kumtwisha mtu mwingine. Mzee Alanus alitupokea sebuleni, mkewe akiwa upande mmoja, Winfrida kwenye kigoda karibu na mlango wa uani. Viti vyetu viliwekwa karibu na dirisha, na dirisha lilikuwa wazi. Tukaamkia, tukaitikiwa.

"Sikukuchukia, Gaudensi," alisema mzee. "Binti yangu anasimama mbele ya watoto hamsini kila siku. Niliogopa."

"Ulikuwa na haki ya kuogopa, baba. Lakini sina TB. Nilikuwa na matiti. Mafuta na tezi. Nimekwenda Nairobi kuyaondoa."

Mama mkwe akavuta khanga mdomoni. Editha alikuwa anatazama sakafu, kimya kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Na mtu anakwenda mpaka Kenya kwa jambo hilo?"

"Nilikwenda, baba."

"Yalikuwa yanauma?"

"Hayakuuma. Yalinitia aibu."

Akafikiri. Mzee yule alikuwa karani wa chama cha ushirika maisha yake yote, hapendi kitu kinachobaki hewani. "Mimi nakuamini," akasema. "Lakini kwa ajili ya midomo ya watu, kesho nenda hospitali ya mkoa upigwe picha ya kifua, uniletee hapa."

Nilikwenda, ikatoka safi. Nilipompelekea aliinua juu dirishani, akaitazama kwa muda mrefu kama mtu anayejua anachokitazama, akasema atakaa nayo. Nasikia aliizungusha jumuiya nzima ya kanisa, nyumba kwa nyumba. Barua haikurudishwa.

Winfrida siku zote hizo hakuniambia zaidi ya salamu. Jioni ile ya picha, mama yake alinipa kikapu cha ndizi nimpelekee Editha, na Winfrida akaambiwa anisindikize. Tulipita nyumba tatu kabla hajasema.

"Dada yako alijua."

"Ndiyo."

"Daktari alijua. Hata askari wa mpakani alijua, dada yako amesimulia. Mimi nikasikia kwa kondakta wa basi."

"Niliogopa ungeniacha."

"Koti mwezi wa pili, na joto lote lile, Gaudensi. Kwaya nzima tulijua kuna kitu unaficha. Mimi nilidhani una kovu la moto. Nikajiambia siku moja atanionyesha." Alikuwa hanitazami. "Nimekaa mwezi mzima nikifikiri unakufa peke yako huko, na hukutaka hata niage."

Nilimwambia nimekosa.

"Mwezi wa kumi ni karibu mno," akasema. "Nataka mpaka baada ya Krismasi. Nikujue upya kwanza."

Nikakubali. Tukaendelea kutembea. Njia pale inateremka, na kikapu kilikuwa kizito, nikakihamishia mkono wa kushoto, halafu nikakirudisha haraka.

"Bado panauma?"

"Upande huu. Nikibeba kitu."

Akasimama. Alinitazama kifuani, waziwazi, kwa mara ya kwanza bila koti katikati yetu. Kisha akachukua kile kikapu mkononi mwangu, akakitwika kichwani, tukateremka mpaka barabarani.